Kushuka Frankfurt Hauptbahnhof mara ya kwanza: fuata hivi usipotee

Kila ikifika mwezi wa tisa simu yangu haipumui. Wanafunzi ndo wanaingia vyuoni, vijana wa Ausbildung ya unesi, yaani mafunzo ya kazi, nao wanaanza mikataba yao, na wengi wanashukia Frankfurt, kwa iyo napokea voisi ileile yenye kelele za treni nyuma yake: kaka nimefika stesheni, niko hapa kwenye treni nyingi, we uko wapi? Sasa hapo kwenye treni nyingi ndo wapi jamani, maana stesheni ile ina njia za reli 25 juu, ina zingine chini ya ardhi, na kwa siku inapitisha watu karibu nusu milioni. Nimechoka kuelekeza kwa voisi, leo naandika mara moja, we soma kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 1: hakikisha ni Frankfurt hii

Usicheke, hii imeshaliza watu. Ujerumani ina Frankfurt mbili. Hii ya maghorofa na mabenki iko kwenye mto Main, na kwenye tiketi itaandikwa Frankfurt (Main) Hbf. Ile nyingine iko kwenye mto Oder, mpakani kabisa na Poland, inaandikwa Frankfurt (Oder), mji mdogo tu hauna makuu. Kuna dogo mmoja alikuwa Berlin anakuja kwangu, akajikatia tiketi mwenyewe kwenye simu, akaona neno Frankfurt na bei nzuri akabonyeza. Kama saa moja na dakika chache akanipigia ana furaha, kaka hawa jamaa wana treni za kasi bwana, nimeshafika. Nikamuuliza, nje unaona maghorofa? Akanyamaza kidogo. Akasema, naona mabango ya Kipoland. Basi ndo ikawa kurudi Berlin na kuanza safari upya, na kutoka Berlin kuja huku ni kama saa nne za treni ya kasi.

Hbf ni kifupi cha Hauptbahnhof, Haupt ni kuu, Bahnhof ni stesheni ya treni. Angalia hilo neno pia kwa sababu hata Frankfurt hii ya Main ina stesheni zaidi ya moja, kuna Frankfurt Süd upande wa pili wa mto, kuna Frankfurt West, na kuna ya uwanja wa ndege. Treni zingine za kasi haziingii kabisa Hauptbahnhof, zinapita uwanja wa ndege au Süd zinaendelea zake. Sababu yake ntakwambia huko mbele, na ukishaielewa hiyo sababu stesheni nzima inakufungukia.

Kitu kingine cha kuweka sawa kabla hujasafiri ni saa. Wao wanaandika 14:02, na hiyo ni saa nane na dakika mbili mchana. 19:22 ni saa moja na dakika ishirini na mbili usiku. Unajua hili, najua unajua, lakini ukiwa na usingizi wa ndege halafu mtu akakwambia kwa Kiswahili "treni yako ya saa moja" we ukaenda kuitafuta 13:00, utakaa pale kwenye baridi ukilaumu watu. Mi siku hizi nikiongea na mgeni namtajia namba kama ilivyo kwenye tiketi, kumi na tisa ishirini na mbili, basi.

Hatua ya 2: kutoka uwanja wa ndege mpaka stesheni kuu

Uwanja wa ndege una stesheni mbili za treni na majina yanafanana. Fernbahnhof ni ya treni za mbali, zile ICE, na Regionalbahnhof ni ya treni za karibu. Wewe unayekuja mjini unataka Regionalbahnhof, iko chini ya Terminal 1, ukishukia terminal nyingine kuna usafiri wa bure wa kukuleta Terminal 1. Ukishatoka na mabegi yako fuata alama ya S nyeupe kwenye duara la kijani. Hiyo ndo S-Bahn, treni ya mjini.

Tiketi unakata kwenye mashine kabla ya kupanda. Mashine ina lugha kadhaa, Kiswahili hamna, bonyeza bendera ya Kiingereza utaelewa. Andika Frankfurt Hauptbahnhof, chagua mtu mzima, safari moja, lipa kwa kadi au noti ndogo, ukija na noti ya 100 mashine itakutemea tu. Tiketi ya hapo ni ya kutumia muda uleule, usikate halafu ukaenda kunywa chai saa mbili.

Na hapa ndo wengi wanajichanganya: hakuna geti. Hakuna anayekuzuia. Kule kwetu nyumbani ukienda kupanda SGR begi linapita kwenye mashine, tiketi inakaguliwa, ndo unaona treni. Frankfurt unatembea tu kutoka mlangoni mpaka kwenye behewa hakuna anayekuuliza, halafu mgeni anafikiri basi ni bure. Sio bure. Wakaguzi wanapanda ndani wamevaa nguo za kawaida kama wewe, mmoja anatoa kitambulisho, na usipokuwa na tiketi ni euro 60, na ukimwambia nimefika leo anakuonea huruma kabisa huku anaandika.

Panda S8 au S9. Zote mbili zinafika, ila angalia UELEKEO, maana zinapita pale kwenda pande mbili. Upande wa Hanau au Offenbach ndo unakuja mjini. Ukiona imeandikwa Wiesbaden hiyo inakupeleka mbali na mji. Ukipanda ya sawa utapita Gateway Gardens, Stadion, Niederrad, halafu Hauptbahnhof, yaani kituo cha nne, kama robo saa hivi.

Kama unakuja kukaa, kuna tiketi ya mwezi inaitwa Deutschlandticket, inakupandisha treni zote za karibu, mabasi na tramu nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, 2025 ikawa 58, na toka Januari 2026 ni 63. Ni ya kujiandikisha kila mwezi inajikata yenyewe, kwa iyo usipoifuta wataendelea kukukata. Na HAIPANDI ICE wala IC, zile treni za mbali. Narudia tena maana najua kuna mtu ataipanda nayo.

Hatua ya 3: umeshuka, uko chini ya ardhi, tulia

S-Bahn haikuleti kwenye lile jumba unaloliona kwenye picha. Inakushusha chini, njia namba 101 mpaka 104, dari iko chini, taa za umeme, hakuna dirisha, na watu wote wanaonekana wanajua wanapoenda isipokuwa wewe. Usifuate kundi. Kundi lingine linaenda U-Bahn, ile treni ya chini ya mji, U4 na U5, lingine linatokea barabarani upande usioutaka.

Panda ngazi za umeme au tafuta lifti kama una masanduku mawili. Lifti za kule wakati mwingine zinaharibika, kwa iyo usijaze sanduku mpaka ushindwe kulinyanyua mwenyewe. Katikati kuna ghorofa la chini lenye maduka, wanaliita B-Ebene, usikae sana hapo, tafuta kibao chenye picha ya treni na maandishi Gleise 1-24. Gleis ni njia ya reli. Hilo neno moja ukilishika umeshika nusu ya stesheni.

Hatua ya 4: ukishatokea juu, simama. Angalia juu

Hapa nakuomba usikimbie. Weka begi kati ya miguu, simama, tazama. Uko kwenye ukumbi mrefu unaokatiza kushoto kulia, na mbele yako treni zimejipanga kama ng'ombe kwenye hori, pua zote zinakuangalia wewe. Juu yako ni paa la chuma na vioo lililopinda kama upinde, na sio moja, ni matano yamelala ubavu kwa ubavu. Yale matatu ya katikati ndo ya zamani, kila moja lina upana wa mita 56 na urefu wa juu mita 28. Yale mawili ya pembeni yaliongezwa 1924.

Ukiangalia hizo treni utagundua hakuna inayopita. Zote zinaishia hapo. Kijerumani wanaiita Kopfbahnhof, stesheni ya kichwa, mi naiita stesheni ya mwisho wa reli. Treni inaingia na kichwa, ikitoka inatokea na mkia.

Kwanini iko hivo? Zamani kabla ya stesheni hii Frankfurt ilikuwa na stesheni tatu ndogo upande wa magharibi wa mji, zimekaa karibu karibu, kila kampuni na yake, Taunus, Main-Neckar na Main-Weser, na zote zilikuwa za mwisho wa reli, zinagota ukingoni mwa mji. Treni zikaongezeka, vita ya Ujerumani na Ufaransa ya 1870 mpaka 1871 ikaonyesha kwamba zile tatu haziwezi tena, basi wakaamua kuziunganisha kuwa moja kubwa. Wakatangaza shindano la ramani 1880, akashinda Hermann Eggert, na yale mapaa ya chuma akayachora injinia Johann Wilhelm Schwedler. Ujenzi ukaanza 1883. Wakaiweka nje zaidi ya mji, enzi hizo kule kulikuwa shamba tu, na ule mtaa wote ulioko mbele ya stesheni sasa hivi ulijengwa baadae, kwenye eneo lililoachwa na zile stesheni za zamani.

Ilifunguliwa tarehe 18 Agosti 1888. Treni ya kwanza iliingia saa kumi na dakika arobaini na saba alfajiri ikitokea Hamburg. Na jioni ya siku hiyohiyo, siku ya ufunguzi kabisa, treni moja ikashindwa kusimama ikapanda kile kizuizi cha mwisho wa reli, maana ndo shida ya stesheni ya kichwa, breki ikikataa hakuna pa kwenda ila ukutani. Kubwa zaidi ikaja tarehe 6 Desemba 1901, treni ya kifahari ya Ostend kwenda Vienna iliingia breki zimegoma, ikapita kizuizi, ikakatiza huo ukumbi uliosimama wewe na sanduku lako, ikavunja ukuta ikaingia kwenye ukumbi wa kusubiria abiria. Picha zake zipo, kichwa cha treni kimekaa ndani kati ya meza. Watu wakauza kadi za posta za hiyo ajali.

Mpaka 1915 hii ndo ilikuwa stesheni kubwa kuliko zote Ulaya, Leipzig ndo wakaja kuipiku. Mi nikisimama pale nakumbuka kwamba ni Wajerumani haohao, miaka kumi na saba baada ya kuifungua, 1905, ndo wanaanza kulaza reli ya kati pale Dar es Salaam, wakafika Kigoma 1914. Kwao wakajenga jumba la mapaa ya vioo, kwetu wakatandika njia moja ya kubebea mizigo pwani. Ila tuache hayo, una treni ya kuwahi.

Ukipata nafasi toka nje mlango mkubwa halafu geuka uangalie juu ya paa. Kuna jitu limebeba dunia mgongoni, huyo ni Atlas, jitu la hadithi za Wagiriki, na wawili pembeni wanamsaidia kubeba. Na kwenye saa kubwa ya mlangoni kuna sanamu mbili, Mchana na Usiku. 

Hatua ya 5: kujua uko upande gani

Simama kwenye ukumbi uso ukiangalia treni, mgongo ukiangalia mji. Gleis 1 iko kushoto kwako mwisho kabisa. Gleis 24 iko kulia mwisho kabisa. Namba zinaongezeka kwenda kulia. Kuna moja inaitwa 1a imejificha pembeni huko kushoto, ndo inafanya jumla kuwa 25, na ukiambiwa treni yako iko 1a anza kutembea mapema.

Kutoka 1 mpaka 24 na masanduku mawili na mtoto mgongoni sio mchezo, weka dakika tano nzima. Na kutoka njia za juu mpaka S-Bahn chini weka zingine tano. Apu ikikupa kubadilisha treni kwa dakika sita na wewe ndo siku yako ya kwanza, kataa, chagua inayofuata.

Hatua ya 6: kusoma ubao, na kusoma karatasi

Kuna ubao mkubwa wa bluu juu. Abfahrt ni kuondoka, Ankunft ni kuingia. Kwenye nguzo kuna karatasi kubwa, ya NJANO ni treni zinazoondoka, nyeupe ni zinazoingia. Mgeni anasoma nyeupe, anaona mji wake, anakwenda kwenye Gleis, treni inafika, watu wanashuka, na yenyewe haiendi kokote. Njano. Shika njano.

Maneno ya kujua ni manne tu. Verspätung ni kuchelewa. Fällt aus ni imefutwa. Heute von Gleis halafu namba, maana yake leo treni imehamia njia nyingine, na hilo tangazo linaweza kuja dakika tano kabla, utaona watu mia wanageuka kwa pamoja kama samaki wanavyogeuka, nawe geuka. La nne ni Wagenreihung, mpangilio wa mabehewa.

Hilo la mabehewa lina maana. Platifomu ndefu imegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, vibao viko juu. Tiketi ikikuandikia behewa la 27 kiti cha 61, angalia behewa la 27 linasimama herufi gani, kasimame hapo. Na ujue ICE zingine ni mbili zimeunganishwa, zikifika mbele zinaachana kila moja na mji wake. Kwa iyo kupanda treni ya sawa haitoshi, panda na nusu ya sawa. Kwenye mlango kuna skrini ndogo imeandika inakoenda, soma kabla hujanyanyua sanduku.

Kukata kiti ni malipo ya pembeni, tiketi peke yake haikupi kiti. Usipokata, kaa popote ambapo juu ya kiti hakujaandikwa kitu.

Sasa kuhusu kuchelewa. Wale waliokwambia treni za Ujerumani hazichelewi walikwambia habari za babu yao. Zinachelewa. Ila una haki zako: ukiwa na tiketi ya bei nafuu ya kubanwa na treni moja tu, Sparpreis, na ikaonekana utafika mwisho wa safari umechelewa dakika 20 au zaidi, ule ubano unaondoka, unaweza kupanda treni nyingine. Ukifika umechelewa saa nzima unarudishiwa asilimia 25 ya nauli, masaa mawili asilimia 50. Unaomba kwenye apu au kwa fomu, wanalipa. Wabongo wengi hawaombi wanaona aibu, hela yako hiyo.

Hatua ya 7: treni ikigeuka usishtuke

Hili ni langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza natokea Kassel naenda Karlsruhe, nimekaa dirishani nimeangalia mbele, begi juu, koti nimejifunika nalo. Nikalala. Treni ikaingia Frankfurt, ikasimama dakika zake, watu wakashuka wakapanda, mi nimelala tu. Naamka treni iko mbio na mimi naenda kinyumenyume. Nikajua nimekwisha, imegeuza inarudi Kassel na mimi ndani. Sikuuliza mtu, aibu, Kijerumani chenyewe cha kuungaunga, basi iliposimama kituo cha kwanza nikaruka na begi langu. Kusoma kibao, Mannheim. Nilikuwa njia sahihi kabisa, imebaki kama nusu saa nifike. Nimesimama pale naangalia treni yangu inaondoka na kiti changu nilichokilipia, na kofia yangu iko juu ya kile kiti.

Ndo ile stesheni ya kichwa. Treni inayopita Frankfurt inaingia na kichwa inatoka na mkia, kwa iyo uliyekuwa umeangalia mbele sasa unaangalia nyuma. Hakuna kosa. Kama unaumwa kichefuchefu ukirudi kinyume, hama kiti hapo hapo Frankfurt wakati wanashuka watu. Na kwa sababu huko kuingia na kutoka kunakula muda, ndo maana treni zingine zinakwepa Hauptbahnhof zinapita uwanja wa ndege, hasa zile za Köln zinazotumia njia ya kasi iliyofunguliwa 2002, zinakwenda kilomita 300 kwa saa. S-Bahn nazo zamani zilikuwa shida hiyohiyo mpaka wakachimba handaki, likafunguliwa 1978, ndo zile njia 101 mpaka 104 ulizoshukia, zenyewe zinapita moja kwa moja chini ya mji. Sasa hivi kuna mpango wa kuchimba handaki lingine la treni za mbali lipite chini ya stesheni. Tukijaaliwa uzima tutaliona.

Hatua ya 8: choo, mizigo, chakula, msaada

Choo ni cha kulipia, kama euro moja, weka sarafu mfukoni. Ujanja wa wenyeji, kama umeshuka ICE maliza haja ndani ya treni kabla haijafika, cha ndani ni bure.

Mizigo kuna makabati, fuata alama ya sanduku na ufunguo. Yapo ya saizi tofauti, makubwa ndo yanawahi kujaa asubuhi. Piga picha namba ya kabati na ile karatasi unayopewa, maana ukiipoteza hiyo karatasi utaimba.

Tiketi zenye utata, au mtu mzima asiyetaka kuhangaika na simu, nenda Reisezentrum, ofisi ya tiketi, unachukua namba, unakaa, unaitwa. Wanaongea Kiingereza wengi wao.

Chakula kipo cha kila aina humo ndani, mikate, soseji, mikate ya chumvi iliyosokotwa inaitwa Brezel, wali wa Kiasia. Bei ya stesheni ni bei ya stesheni, usiibadilishe kwa shilingi utapoteza hamu. Ila kitu kimoja cha muhimu: Ujerumani Jumapili maduka yanafungwa, mji mzima kimya, na ukifika Jumapili huna hata chumvi ndani. Stesheni maduka yanafungua. Nunua mkate, maziwa, ndizi, hapohapo kabla hujaenda kwenye chumba chako kitupu.

Ukinunua maji utaona umelipa senti 25 zaidi. Hiyo ni Pfand, dhamana ya chupa, ukirudisha chupa kwenye mashine ya supamaketi unarudishiwa. Kama huna muda usiitupe ndani ya pipa, iache pembeni ya pipa wima, kuna watu wazima wanapita na mifuko wanaziokota, ndo kipato chao.

Ukikwama kweli, umeibiwa, simu imezima, una mtoto mchanga, mzee amechoka, usiku umeingia: tafuta Bahnhofsmission, iko upande wa Gleis 1. Ni huduma ya makanisa, haiulizi dini yako, haiulizi hela. Wanavaa vizibao vya bluu. Watakupa kiti, chai, watakusaidia kupiga simu, na kama mtu hawezi kupanda treni mwenyewe wanamsindikiza. Mama mmoja niliyempokea alikaa kwao kama saa tatu kwa sababu tulipishana, nimefika nimemkuta anawafundisha kusema karibu. Polisi wa stesheni wanaitwa Bundespolizei, nao wapo humohumo.

Hatua ya 9: kutoka nje

Mlango mkubwa unatokea Kaiserstraße, barabara iliyonyooka mpaka mjini, kwa miguu kama robo saa mpaka dakika ishirini unafika Hauptwache, katikati ya mji. Tramu zinasimama mbele ya mlango, namba 11 inakupitisha Römer kule kwenye nyumba za zamani, 16 inavuka mto. Mabasi ya mbali yako upande wa kusini, yaani ule wa Gleis 1, ukitokea mlango wa pembeni.

Nikwambie ukweli kuhusu huo mtaa wa mbele, Bahnhofsviertel. Utaona watu wanajidunga sindano mchana kweupe, wamelala kwenye milango, mwingine anaongea peke yake. Inatisha mara ya kwanza, hasa umetoka nyumbani unajua Ulaya ni ya kwenye kalenda. Wengi wao hawana habari na wewe. Cha kuangalia ni wezi wa simu na mabegi, begi mbele, simu ndani, na mtu akikuvamia na maneno mengi ya kirafiki au anataka kukusaidia kubeba, sema nein danke endelea kutembea. Usiku kama huna shughuli mtaa huo usikae, na ujue toka Novemba 2023 kubeba kisu mtaani pale usiku ni marufuku, kwa iyo kile kisu cha jikoni mama alichokufungia kiache ndani kabisa ya sanduku.

Mchana lakini mtaa huohuo ni mtamu. Ingia Münchener Straße, utakuta maduka ya Waturuki, Waafghani, watu wa Afrika, harufu ya mkate wa moto na viungo, mboga zimemwagwa nje mpaka barabarani, bamia, pilipili mbuzi, ndizi mbichi. Mi ndo mahali naponunulia, na ndo mahali pa kwanza nilipomsikia mtu akibishana bei kama Kariakoo.

Hatua ya 10: ya kukutana na mwenyeji wako

Usiniambie "niko stesheni". Usiniambie "niko karibu na McDonald's", ziko zaidi ya moja kwenye eneo lile. Usitoke nje kunitafuta, mlango wa mbele sio mmoja na kila mmoja ana wa kwake kichwani.

Panda mpaka juu kwenye ukumbi wa treni. Tafuta Gleis 12, iko katikatikati. Simama kwenye kichwa cha reli, pale kizuizi kilipo, treni ikiwa mbele yako na mji mgongoni. Kama treni zimeingia 12 na 13 na watu wengi wanashuka, rudi nyuma hatua kumi uwapishe ila usihame. Tuma meseji moja tu: G12. Mi natokea upande wa S-Bahn, kwa iyo ntakuja nikitokea kulia kwako, nimevaa kofia ya bluu, ile ya pili, ya kwanza ilienda Karlsruhe peke yake.